Pedi ya USB kwenye bodi ya JAMMA: namna ya kutengeneza adapta kwa Raspberry Pi Pico

Bodi ya gemu la sarafu la mwaka 1991 haijui USB ni kitu gani. Kwa kila kitufe ina waya mmoja, na swali lake ni moja tu: waya huu umegusa grandi (waya wa 0 V) au haujagusa? Pedi ya PlayStation 4 nayo haina waya hata mmoja wa namna hiyo. Inazungumza kwa baiti, tena haisemi neno mpaka iulizwe. Adapta inakaa katikati: upande wa pedi inakuwa kompyuta ndogo inayouliza na kusikiliza, upande wa bodi inajifanya swichi ya kawaida. Karibu kila kinachoharibika katika kazi hii kinaharibika upande huu wa pili. Ama adapta imesukuma umeme mahali ambapo swichi isingesukuma kitu, ama imebonyeza kabla hajabonyeza mtu.

Maelezo haya ni ya bodi za JAMMA, mpangilio wa pini 56 uliotolewa mwaka 1985 na chama cha watengenezaji wa mashine za burudani wa Japani. CPS-1 na CPS-2 za Capcom zimo humo, MVS ya SNK nayo imo kwa tofauti ndogondogo. Magemu yanayochezwa kwa mpira wa kuzungusha, usukani au bunduki ni habari nyingine, kwa sababu hayo yanahesabu mapigo au volti, hayaangalii swichi tu.

Onyo kwa mnunuzi: vibodi vya bei nafuu vinavyouzwa kwa jina la Zero Delay, na programu ya GP2040-CE, vinafanya kazi ya kinyume. Vinachukua vitufe vya kawaida na kuvigeuza kuwa pedi ya USB kwa ajili ya kompyuta. Ukikiunga kimoja hapo kwenye bodi ya JAMMA hakuna kitakachotokea. Asiyetaka kulehemu anaweza kununua adapta iliyo tayari, kama UD-USB Decoder, inayochomekwa kwenye soketi ya DB15 (ya pini 15) ya Supergun, kifaa cha kuendeshea bodi bila kabati. Anayetaka kutengeneza yake aendelee kusoma.

Pima bodi kwanza

Washa mashine. Weka mita kwenye DC 20 V, ncha nyeusi kwenye pini 1 au 28 (grandi), ncha nyekundu kwenye pini 22, ambayo ni kitufe cha kwanza cha mchezaji wa 1. Kama hakuna anayebonyeza utasoma karibu 5 V. Kitufe kikibonyezwa, inashuka hadi karibu 0. Hizo 5 V haziletwi na kitufe. Zinatoka ndani ya bodi yenyewe kupitia rezista, mara nyingi ya kilo-omu 1 hadi 10, na kitufe kinazimwaga tu kwenye grandi.

Kama una bodi na Supergun bila kitufe chochote, chukua kipande cha waya, gusisha pini 22 na pini 28. Mhusika akirusha ngumi, bodi ni nzima upande huo na utajua kwamba kosa lolote litakalokuja baadaye ni la adapta. Laini ikisoma 0 bila kuguswa, au ikielea kwenye volti 1 au 2, tatizo liko kwenye bodi: vidole vya ukingoni (vile vipande vya chuma vya kuchomekea) vichafu, au rezista iliyokatika. Safisha vidole kwa spiriti ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi. Msasa usiutumie, unakwangua dhahabu. Adapta haitatibu bodi mbovu.

Hizi ndizo pini tunazozihitaji. Namba ni za upande wenye vifaa na ndizo za mchezaji wa 1. Herufi ni za upande wa lehemu, za mchezaji wa 2.

Grandi: 1, 2, 27, 28 na A, B, e, f
+5 V: 3, 4 na C, D
−5 V: 5 na E
+12 V: 6 na F
Tundu la ufunguo: 7 na H
Sarafu: 16 na T
Kuanza: 17 na U
Juu: 18 na V
Chini: 19 na W
Kushoto: 20 na X
Kulia: 21 na Y
Kitufe cha 1: 22 na Z
Kitufe cha 2: 23 na a
Kitufe cha 3: 24 na b
Kitufe cha 4, kwa bodi zinazokitumia: 25 na c

Herufi G, I, O na Q zimerukwa makusudi, na baada ya Z zinakuja herufi ndogo. Ukihesabu A hadi Z kwa kichwa bila kuziruka hizo nne, nyaya zote za mchezaji wa 2 zitakwenda sipo.

Pini 10 na L ni spika. L imeandikwa hasi, lakini hasi ya spika si grandi kwenye bodi nyingi, kwa hiyo usiiunganishe na grandi ya adapta. Ni njia ya uhakika ya kuua amplifaya ya bodi.

Vifaa

Kwa mchezaji mmoja:

Raspberry Pi Pico 1, bodi ndogo ya kuprogramu (ile yenye chipu ya RP2040)
Chipu 74LS07 au 7407, 2
Soketi za chipu za pini 14, 2
Rezista za kilo-omu 4.7, 12
Kapasita za 100 nF, 2, na kapasita 1 ya 470 µF yenye 10 V au zaidi
Polifyuzi 1 ya 750 mA (fyuzi inayokata ikipata moto na kurudi ikipoa)
Kebo ya OTG, micro-USB dume kwenda USB-A jike
Kirefusho cha JAMMA, dume upande mmoja na jike upande wa pili
Bodi ya matundu, waya mwembamba, na taa za LED tatu nne za majaribio pamoja na rezista za omu 470

Kirefusho si anasa. Kinakuwezesha kuchukua kila laini bila kukata waya wa kabati wala kulehemu kwenye bodi ya zamani, na siku ukiamua kuondoa adapta unakichomoa tu. Kwa wachezaji wawili tengeneza adapta mbili zinazofanana. Habu ya USB na Pico moja inawezekana, lakini Pico ya pili ni rahisi kuliko saa utakazopoteza kutafuta ni pedi ipi imekatika.

Kwa nini 74LS07

Hapa ndipo watu wengi hukosea, basi tukae kidogo.

Pini za Pico zinafanya kazi kwa 3.3 V. Laini za bodi zinakaa kwenye 5 V. Kuna wanaounga moja kwa moja, wakisema pini ikiachwa kama ingizo hakuna shida. Shida ipo: 5 V ya bodi inapita kwenye rezista yake na kuingia kwenye dayodi za ulinzi ndani ya RP2040, ambayo haijatengenezwa kupokea zaidi ya nusu volti juu ya umeme wake. Huenda isife leo, lakini unaifanyisha kazi isiyo yake.

Suluhisho ni kifaa chenye kolekta wazi: kinaweza kuvuta laini chini, hakiwezi kuisukuma juu. Ndivyo swichi ilivyo. Kuna faida kubwa ya pili hapa. Kwa sababu hakisukumi juu, adapta inaweza kukaa kwenye laini moja na joistiki ya zamani ya kabati bila ugomvi, na yeyote atakayebonyeza atasikika. Ukitumia chipu ya kawaida inayosukuma juu na chini, mtu akibonyeza kitufe cha kabati wakati adapta inasukuma 5 V, unakuwa umeunga 5 V na grandi kupitia chipu hiyo.

Wengi hukimbilia ULN2803 kwa kuwa ina njia 8 kwenye chipu moja. Ndani yake kuna transista mbilimbili zilizopandana, kwa hiyo ikivuta chini haifiki 0. Inabaki karibu 0.7 V hadi 0.9 V. Chipu za 74LS zilizo kwenye mlango wa bodi za zamani zinahitaji 0.8 V au chini ndipo zikubali kwamba kitufe kimebonyezwa. Matokeo yake ni kitufe kinachofanya kazi kwenye gemu moja na kugoma kwenye jingine, au kinachofanya kazi mashine ikiwa baridi tu. 74LS07 inashuka hadi 0.4 V au chini kwa mkondo mdogo kama huu.

Angalia pia herufi za katikati. 74HC07 ikilishwa 5 V inataka takriban 3.5 V ili ione "juu", na Pico inatoa 3.3 tu. LS inatosheka na 2.0 V. Muuzaji akikuambia ni ileile, si ileile.

Rezista za 4.7k zinaunganishwa kutoka kila ingizo la 74LS07 kwenda 3.3 V ya Pico. Kazi yao ni kipindi kile kifupi mashine inapowashwa na programu ya Pico bado haijaanza. Pini za Pico wakati huo hazijaanza kusukuma upande wowote, na bila rezista hakuna ajuaye laini za sarafu na kuanza zitasomwaje. Ukiwasha mashine ukakuta krediti mbili zimeingia zenyewe, hapa ndipo pa kutazama.

Kuunga

Adapta isiwe imeunganishwa na mashine wakati wa kulehemu.

74LS07 ina pini 14: 7 ni grandi, 14 ni +5 V. Maingizo ni 1, 3, 5, 9, 11, 13 na matokeo ni 2, 4, 6, 8, 10, 12. Tazama mtego: upande wa kushoto ingizo linatangulia tokeo (1 kisha 2), upande wa kulia tokeo lina namba ndogo (ingizo 9, tokeo 8). Ukifuata mazoea ya upande wa kushoto utaunga nusu ya chipu kinyumenyume.

Tumia GP2 hadi GP13 za Pico. Zote ziko upande mmoja, kuanzia mguu wa 4 hadi wa 17, zikiwa na grandi katikati kwenye miguu ya 8 na 13. GP0 na GP1 ziache kwa ajili ya kusoma ujumbe wa majaribio.

Chipu ya kwanza:
GP2 → ingizo 1, tokeo 2 → JAMMA 18 (juu)
GP3 → ingizo 3, tokeo 4 → 19 (chini)
GP4 → ingizo 5, tokeo 6 → 20 (kushoto)
GP5 → ingizo 9, tokeo 8 → 21 (kulia)
GP6 → ingizo 11, tokeo 10 → 22 (kitufe 1)
GP7 → ingizo 13, tokeo 12 → 23 (kitufe 2)

Chipu ya pili, kwa mfuatano uleule wa miguu:
GP8 → 24 (kitufe 3)
GP9 → kitufe 4
GP10 → kitufe 5
GP11 → kitufe 6
GP12 → 17 (kuanza)
GP13 → 16 (sarafu)

Vitufe vya 4, 5 na 6 vina vurugu zake. Kwenye MVS kitufe D kiko pini 25. Kwenye CPS-1 na CPS-2 mateke ya Street Fighter II na wenzake hayapiti JAMMA kabisa. Yana soketi yake pembeni, ya pini 10 kwenye CPS-1 na pini 34 kwenye CPS-2, na inabidi uifuate kwa mchoro wa bodi yako. Bodi za Kichina zenye magemu mengi ndani hupenda kuweka kitufe 5 kwenye 26 na kitufe 6 kwenye 27. Sasa kumbuka kwamba pini 27 kwenye JAMMA halisi ni grandi. Ukiunga kitufe 6 hapo kisha ukaichomeka adapta kwenye bodi ya kawaida, tokeo hilo la chipu linabaki limefungwa kwenye grandi moja kwa moja. Kinyume chake ni kibaya zaidi: waya wa kabati unaopeleka grandi kwenye pini 27 utaifanya bodi ya Kichina ione kitufe 6 kimebonyezwa siku nzima. Weka soketi ndogo kwa vitufe hivi vitatu, uunge kwa waya wa kuchomoa kulingana na bodi.

Umeme: kutoka pini 3 au 4 ya kirefusho chukua +5 V, ipeleke mguu wa 14 wa chipu zote mbili, na 100 nF karibu kabisa na kila chipu. Tawi jingine lipite kwenye polifyuzi, kisha 470 µF kwenda grandi, kisha mguu wa 40 wa Pico, yaani VBUS. Lazima uwe mguu wa 40. VSYS, mguu wa 39, ingeiwasha Pico vizuri lakini isingepeleka umeme kwenye soketi ya USB, na pedi ingebaki imekufa. Grandi ya adapta iende pini 28.

Anayetumia Supergun yenye DB15 ya mpangilio wa Neo Geo anaweza kuacha kirefusho: 1 grandi, 15 juu, 7 chini, 14 kushoto, 6 kulia, 13 A, 5 B, 12 C, 4 D, 11 kuanza, 3 sarafu, 8 +5 V. Hakikisha kwa mita kwamba pini 8 kweli ina 5 V, maana Supergun nyingine zimeiacha tupu.

Programu

Kwenye Arduino IDE weka bodi za RP2040 za Earle Philhower na maktaba ya Adafruit TinyUSB, kisha kwenye menyu ya USB Stack chagua Adafruit TinyUSB Host (native). Ukisahau hatua hii Pico itajiona yenyewe ni kifaa, nayo pedi itakuwa kifaa, na vifaa viwili vya USB havisemezani.

Kwanza andaa pini, kwa mpangilio huu bila kuubadilisha:

gpio_init_mask(0x3FFC);
gpio_put_masked(0x3FFC, 0x3FFC);
gpio_set_dir_out_masked(0x3FFC);

0x3FFC ni biti za 2 hadi 13. Kwa 74LS07, 1 maana yake ameachia na 0 maana yake amebonyeza. Ukigeuza pini kuwa matokeo kabla ya kuandika 1, zote kumi na mbili zitashuka kwa muda mfupi sana, mfupi kwako lakini si kwa bodi.

Pedi ikichomekwa inaitwa tuh_hid_mount_cb. Humo omba taarifa ya kwanza kwa tuh_hid_receive_report. Kila taarifa ikifika ndani ya tuh_hid_report_received_cb, isome, kisha omba tena. Dalili ya kusahau ombi la pili ni maarufu: kitufe cha kwanza unachobonyeza kinaingia, halafu kimya mpaka uchomoe. Na ndani ya tuh_hid_umount_cb achia laini zote, la sivyo mtu akijikwaa kwenye kebo mhusika ataendelea kukimbia kulia mwenyewe.

Pedi ya DualShock 4, yaani ile ya PlayStation 4 (namba zake za USB ni 054C:05C4 na 054C:09CC), ni ya kuanzia, kwa sababu kwa USB inatuma HID, lugha ya kawaida ya pedi na kibodi, bila kubembelezwa. Ukihesabu kuanzia baiti 0, ambayo ni 0x01:

baiti 1 na 2: fimbo ya kushoto, katikati ni karibu 128
baiti 5, nusu ya chini: msalaba wa mielekeo, 0 juu, 2 kulia, 4 chini, 6 kushoto, namba witiri ni pembe, 8 hakuna
baiti 5, nusu ya juu: 0x10 mraba, 0x20 X, 0x40 duara, 0x80 pembetatu
baiti 6: 0x01 L1, 0x02 R1, 0x04 L2, 0x08 R2, 0x10 Share, 0x20 Options

Kwa hiyo pedi ikiwa imepumzika baiti 5 ni 0x08. Shika X peke yake upate 0x28. Shika X na juu pamoja, 0x20. Anayeangalia "0x08 ipo au haipo" kama biti ya kawaida atachanganyikiwa hapa, maana mielekeo ni namba, si biti nne. Itoe kwa & 0x0F kisha tafuta kwenye jedwali la namba tisa, 0 hadi 8.

Mpangilio uliozoeleka kwa gemu la vitufe sita ni mraba, pembetatu na R1 kwa ngumi, na X, duara na R2 kwa mateke. Options ni kuanza, Share ni sarafu. Swichi za majaribio na huduma, pini 15 na R, usizipe pedi. Mtoto mmoja akizibonyeza mfululizo utajikuta unapanga upya mipangilio ya bodi.

Andika laini zote kumi na mbili kwa gpio_put_masked mara moja, si moja moja. Bodi inasoma vitufe mara moja kwa kila picha, takriban kila milisekunde 16.7, na mshazari ulioandikwa vipande viwili unaweza kusomwa katikati.

Pedi nyingine zina masharti. DualShock 3 haitumi kitu mpaka ipewe amri ya kuanza. Pedi ya Switch Pro inataka salamu zake kwanza. Ya Xbox 360 haimo kwenye HID kabisa, inahitaji dereva ya XInput (mfumo wa Microsoft wa pedi), na ya Xbox One inataka pakiti ya kuiamsha juu ya hapo. Vipokezi vingi vya pedi zisizo na waya navyo hujitambulisha kama XInput. Kama pedi inawaka taa lakini tuh_hid_mount_cb haiitwi kamwe, sababu ni hiyo, wala usianze kubomoa lehemu.

Mambo matatu ambayo pedi huleta na joistiki haikuwa nayo

Sarafu. Sarafu halisi ikishuka hugusa swichi kwa kitambo kidogo ikapita. Kidole kinaweza kushikilia Share sekunde nzima, na bodi nyingi zikiona hivyo huhesabu sarafu imekwama na kukataa, wakati mwingine kwa king'ora. Katika programu, Share ikibonyezwa shusha GP13 kwa milisekunde 80 hadi 100 kisha uiachie, hata kama kidole bado kipo. Isikubali tena mpaka Share iachiwe.

Kushoto na kulia kwa pamoja. Joistiki ni kijiti kimoja, hakiwezi kwenda pande mbili, na waandishi wa magemu ya zamani hawakuwa na haja ya kujikinga. Msalaba wa pedi pamoja na fimbo yake, au zile pedi za vitufe vitupu, unaweza. Ukipata zote mbili tuma hakuna. Vivyo hivyo juu na chini. Kwa fimbo, hesabu mwelekeo ukiwa chini ya 64 au juu ya 192. Ukibana zaidi, fimbo iliyochakaa itatembea yenyewe.

Mielekeo minne. Magemu ya njia, kama Pac-Man ya 1980 kwa wanaoichezesha kupitia kigeuzi cha JAMMA, yalikuwa na joistiki isiyoweza kwenda mshazari. Fimbo ya pedi inapita mshazari kila ikigeuka, na mhusika anakwama kwenye kona. Weka hali ya pili inayowashwa, kwa mfano, kwa kushika L1 na Options sekunde mbili: ikija pembe, baki na mwelekeo uliokuwepo kabla yake.

Kujaribu na kuwasha

Usianze na bodi ya thamani. Lisha adapta 5 V ya chaja, unga kila tokeo kwenye LED na rezista ya omu 470 kutoka 5 V. Taa ikiwaka, laini imevutwa chini, yaani imebonyezwa. Wakati wa kuwasha hakuna taa hata moja inayotakiwa kumeta. Pitia vitufe vyote kumi na viwili, kisha chomoa pedi ukiwa umeshika kitufe uone kama taa inazima.

Ukitaka kubadilisha programu, ondoa adapta kwenye JAMMA kabisa, shika kitufe cha BOOTSEL cha Pico, chomeka kwenye kompyuta, dondosha faili la programu (UF2) kwenye diski ya RPI-RP2 itakayotokea. Usichomeke kompyuta huku mguu wa 40 unapata 5 V ya mashine. Vyanzo viwili vya umeme vitasukumana, na mojawapo ni laptopu yako.

Kabla ya kuchomeka kirefusho tazama tundu la ufunguo, nafasi ya 7. Viunganishi vya bei nafuu havina kile kipande cha plastiki na vinaingia upande wowote. Ukikigeuza, nafasi ya 6 inaangukia 23, na hapo +12 V inaingia kwenye kitufe cha 2. Nafasi ya 5 inaangukia 24, hivyo −5 V inapiga kitufe cha 3. Grandi ziko ncha zote mbili, kwa hiyo hakuna cheche ya kukuonya. Bodi haiwaki tu, na chipu za maingizo zinakuwa zimekwisha. Paka rangi nyeupe upande wa vifaa.

Ndani ya kabati fanya kazi upande wa paneli ya vitufe. Nyuma ya bomba la picha kuna maelfu ya volti na yanaweza kubaki hata baada ya kuzima. Makabati yaliyotoka Japani ni ya 100 V. Kwa umeme wa 230 V wa Tanzania au 240 V wa Kenya yanataka transfoma ya kushusha, na kuyachomeka ukutani moja kwa moja ni kosa la mara moja tu.

Washa ukiwa umeshachomeka pedi. Pima 5 V kwenye vidole vya bodi, si kwenye pawasapulai, kwa sababu nyaya nyembamba hula volti njiani. Inatakiwa kati ya 4.95 na 5.10. Ikiwa imeshuka, zungusha skrubu ya pawasapulai taratibu huku ukitazama mita.

Ikigoma

Bodi inajiwasha upya kila ukichomeka pedi: kapasita ya ndani ya pedi inanyonya umeme ghafla na 5 V inazama. 470 µF haipo, imewekwa mbali, au pawasapulai iko pembeni mwa uwezo wake.

Mwelekeo mmoja tu haufanyi kazi: pima tokeo la chipu ukiwa umebonyeza. Likishuka hapo lakini si kwenye kidole cha bodi, ni waya. Lisiposhuka, pima ingizo lake, uendelee kurudi nyuma mpaka kwenye mguu wa Pico.

Kulia kunapiga ngumi na ngumi inakwenda kulia: umeingia kwenye mtego wa miguu ya 8 hadi 13.

Mchezaji wa 2 anaendesha mchezaji wa 1: kirefusho kimesomwa kwa kioo. Namba ni upande wenye chipu za bodi, si upande ulio juu mezani kwako.

Kitufe kinachelewa kidogo lakini kwa usawa: angalia pedi inaulizwa kila baada ya muda gani. Pedi ya kila milisekunde 8 ni nusu ya picha moja, ya kila milisekunde 1 haihisiki. Kama runinga ni bapa na picha inapita kwenye kigeuzi, ucheleweshaji mkubwa uko huko, wala usiilaumu Pico.

Inafanya kazi dakika chache kisha pedi inazimika, ikipoa inarudi: gusa polifyuzi. Ikiwa ya moto, pedi inachaji betri yake kwa umeme wa mashine. Ijaze chaji kabla ya kucheza, au tumia pedi isiyo na betri.